Ukifuata karatasi Lamu, tazama mwezi kwanza

Wengi wakisikia Kaunti ya Lamu hudhani ni ule mji wa punda na vichochoro. Mji ule uko kisiwa cha Amu, yaani Lamu, na kaunti ina wadi 10. Lamu Magharibi ina saba, nyingi zikiwa bara, kuanzia Hindi mpaka Witu. Lamu Mashariki ina tatu: Faza, Basuba na Kiunga, hadi mpakani na Somalia. Sisi wa Faza tuko kisiwa cha Pate, kwa hivyo kwenda ofisini mjini ni safari ya bahari.

Basi ujue mlango wako kabla hujalipa nauli. Tangu 2013 tuna serikali mbili, kuu na ya kaunti. Chifu, naibu wake na naibu kamishna wa kaunti ni watu wa serikali kuu. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa viko upande huo. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti, na huko ndiko ziliko zahanati, chekechea na leseni za biashara. (Wazee wetu bado kila afisa humwita "DC", yaani mkuu wa wilaya wa zamani, na siwalaumu.)

Linalosumbua zaidi ni basari, msaada wa karo. Ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huenda kwa eneo bunge, ya kaunti kwa wadi, na fomu zake hazibadilishani. Nimemwona mama mmoja akirudishiwa fomu dirishani, muhuri wa chifu umegongwa sawasawa, lakini ofisi siyo. Boti ya kurudi ilikuwa ikingoja maji, naye akakaa gatini mpaka alasiri na mtoto mgongoni. Tena, fomu ikiuliza wadi usiandike lokesheni, yaani eneo la chifu. Ni mipaka tofauti.

Sasa maji. Boti zetu huondoka kwa maji, si kwa saa ya ukutani, na kila siku maji husogea mbele kwa dakika kama 50. Hesabu kwa mwezi wa Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa: hujaa alfajiri na alasiri, na kufika saa nne, saa tano asubuhi, yamekupwa, ofisi ndiyo kwanza zimechangamka. Tarehe 7 au 8, na 22 au 23, ni maji mafu, yaani madogo, na yanajaa katikati ya asubuhi. Mimi siku ya safari huipanga kwa hesabu hiyo, kisha humuuliza nahodha jioni ya kabla yake, maana yeye ndiye anayejua boti yake inahitaji kina gani.

Miezi ya kusi, upepo wa kusini, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka na maji huruka mpaka ndani ya boti. Tia vyeti kwenye faili ya plastiki yenye zipu, na uikalie. Fomu ikilowa, wino wa muhuri huenea, na utarudi kwa chifu kuanza upya.