Shule ya wasichana ya Gayaza, Uganda, ilianza lini? Ni 1906?
Hapana, 1906 ni mwaka wa shule ya Budo, ile ya wana wa kiume wa machifu. Gayaza, iliyo kwenye vilima vya Buganda kaskazini mwa Kampala, ilifunguliwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) mwaka 1905, mwalimu mkuu wa kwanza akiwa Alfreda Allen. Wasichana wa mwanzo walikuwa mabinti wa machifu, lakini jembe halikuwaepuka: kulima bustani kulikuwa sehemu ya masomo, sambamba na kusoma Biblia na kushona. Tena usichanganye wakuu wawili wa baadaye. Joan Cox, Mwingereza, aliongoza 1950 hadi 1972. Mganda wa kwanza kushika nafasi hiyo ni Ruth Kavuma, mwaka 1990. Miaka 85 kusubiri!