Kubana, kukandamiza au kuzipu faili?

Swali: Naandaa mwongozo mfupi wa kutumia programu ya 7-Zip kwa makarani wa ofisi yetu. Nimeandika "kukandamiza faili". Mwenzangu anasema ni "kubana", na vijana wa TEHAMA wao ni "kuzipu" tu. Na kinyume chake ni kipi: kufungua, kutoa au kuanzipu? Halafu programu ikigoma na kuleta ujumbe wake wa Kiingereza, niutafsiri vipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Andika kubana. Ila kabla hujafuta kukandamiza kote, pitia mwongozo wako mstari kwa mstari, maana programu hizi hufanya kazi mbili kwa mpigo na Kiswahili kina kitenzi cha kila moja. Ya kwanza ni kukusanya mafaili mengi yawe faili moja. Hiyo ni kufungasha. Ya pili ni kupunguza nafasi ambayo data inachukua kwenye diski. Hiyo ndiyo kubana. Zimezoea kwenda pamoja hadi watu wanadhani ni kitu kimoja, lakini zinaachana vizuri tu. Kwenye mfumo wa Linux, programu ya tar hufungasha bila kubana chochote, na ile ya gzip hubana bila kufungasha, faili moja moja. Jina linaloishia na .tar.gz ni vitenzi viwili vilivyoandikwa kwa mpangilio wake: lilifungashwa, kisha likabanwa. Hata ndani ya 7-Zip, ukiweka kiwango cha kubana kuwa 0, kinachoitwa "Store", unapata furushi lenye ukubwa karibu sawa na mafaili yako yote.

Waliochora alama za programu hizi waliiona tofauti hiyo. WinRAR ina vitabu vitatu vilivyopangwa na kufungwa mkanda: huko ni kufungasha. WinZip ilijulikana kwa kabati la mafaili lililokazwa kwenye jiliwa, kile kifaa cha mezani ambacho mafundi wengi siku hizi wanakiita vaisi. Na fundi hasemi "kandamiza chuma kwenye jiliwa". Anasema "bana".

Kasoro ya kukandamiza iko kwenye maana yake. Kilichokandamizwa kimelaliwa na uzito na mara nyingi kimeumia, ndiyo maana tunakandamiza haki na tunakandamiza wanyonge. Kubana kunaacha kitu kizima. Ukilegeza, kinarudi kilivyokuwa. Wapo pia wanaopendekeza kushindilia, na hao wamegeuza hesabu. Mwenye lumbesa hushindilia: gunia ni lilelile, viazi vinaongezeka. Kwenye faili la ZIP viazi ni vilevile, gunia ndilo linapungua.

Linapunguaje pasipo kupoteza kitu? Chukua maneno "haba na haba hujaza kibaba". Programu ikifika kwenye haba ya pili hailiandiki tena neno hilo. Inaandika maelekezo: rudi nyuma herufi 8, nakili 5, nafasi ikiwemo. Njia inayotumika sana ndani ya ZIP, iitwayo DEFLATE, inaweza kurudi nyuma hadi kilobaiti 32 kutafuta mrudio wa namna hiyo. Kwa mfano mfupi kama huu faida ni ndogo, lakini orodha ya mishahara yenye maelfu ya mistari inayorudia majina ya idara hupungua vibaya sana. Mpokeaji akilegeza, kila herufi inarudi mahali pake.

Kinyume chake ni picha unayoituma kama picha kwenye WhatsApp. Hiyo haibanwi kwa maana hii. Inapunguzwa, na kilichoondolewa hakirudi. Kwa hiyo weka kanuni moja kwenye mwongozo: kinachorudi kizima kimebanwa, kisichorudi kimepunguzwa. Karani anayetaka picha ya hati ifike na ubora wake wote aitume kama waraka, au aifungashe kwanza kwenye ZIP.

Nimesema aifungashe, sikusema aibane. Picha za JPEG, muziki wa MP3 na video za MP4 yalishapunguzwa tangu yalipotengenezwa, na ukiyatia kwenye ZIP huvuni kitu cha maana. Vivyo hivyo mafaili ya Word na Excel, .docx na .xlsx, ambayo kwa ndani yenyewe ni ZIP. Badilisha kiishio cha nakala ya .docx kuwa .zip uifungue, utakuta folda tele. Mtu akilalamika kwamba "nimebana picha 200 na ukubwa ni uleule", programu haina kosa. Kilichomponza ni kitenzi alichofundishwa. (Usije ukaandika kwamba picha hizo "hazibaniki". Sarufi inaruhusu, lakini kubanika ni kazi ya samaki na moto.)

Sasa kuzipu. Neno zipu tunalo tangu zamani kwenye suruali na mabegi, na ile folda ya Windows yenye zipu inawafanya wengi waamini kwamba jina lilitoka hapo. Sivyo. Phil Katz wa Marekani alipotoa muundo wa ZIP mwaka 1989 alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya kwenda kasi, kujinasibu kwamba programu yake ina haraka kuliko ile ya ARC waliyoizoea watu wakati huo. Zipu ya suruali waliileta wachoraji. Katika mazungumzo kuzipu hakuna ubaya, na kunanyambulika kama jibu na haribu: faili limezipiwa, nizipie. Taabu ni kwamba 7-Zip inatengeneza pia .7z na .tar, na "zipu faili liwe 7z" ni sawa na kumwambia mtu achemshe nyama iwe choma. Baki na ZIP kama nomino tu: faili la ZIP.

Kuanzipu kuache kabisa. Kiswahili hakigeuzi kitenzi kwa kubandika silabi mbele, kinageuza mwishoni: funga, fungua, kunja, kunjua, bana, banua. Kubanua ni neno halali, ila karani wako atasita akilisoma kwenye skrini. Mwongozo utapona kwa vitenzi viwili vya kawaida, kufungua na kutoa, na hapa uwe mkali, kwa sababu kuvichanganya kunapoteza kazi za watu.

Kufungua ni kuchungulia. Ukibofya mara mbili faili la ZIP kwenye Windows, dirisha linakuonyesha yaliyomo kana kwamba ni folda ya kawaida, lakini hakuna kilichotoka. Karani akibofya hapohapo waraka wa Word, Windows inachopoa nakala ya muda, inaificha kwenye folda ya Temp na kumfungulia hiyo. Anajaza kurasa tatu, akihifadhi anaambiwa waraka ni wa kusoma tu, au mabadiliko yanabaki Temp na faili la ZIP likabaki na waraka wa zamani. Programu ya kusakinisha nayo ikiendeshwa kutoka ndani ya ZIP hulalamika kwamba mafaili fulani hayapo, kwa kuwa yeye ametolewa peke yake na wenzake wamebaki ndani. Mwongozo unaosema "fungua faili kisha ujaze fomu" ndio unaozaa kilio hicho. Andika: "Toa mafaili kwanza, kisha fungua waraka kwenye folda mpya."

Hatua zenyewe ziandikwe hivi: bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda 7-Zip, chagua "Extract to" iliyofuatwa na jina la faili. Usimwelekeze kwenye "Extract Here" hadi azoee, maana hiyo humwaga kila kitu palepale, na mafaili 300 yaliyomwagika katikati ya kazi nyingine hayazoleki kirahisi. Kwa upande wa kufungasha, chaguo ni "Add to archive", na ukilitazama vizuri hata lenyewe linazungumzia kutia kwenye furushi. Kiwango cha kubana unakichagua baadaye ndani ya dirisha. Hapo tumia furushi, mafurushi. Kifurushi kimeshachukuliwa na kampuni za simu.

Kwenye ujumbe wa hitilafu usitafsiri neno kwa neno. Mwambie karani kilichotokea. "Unexpected end of archive" ni "faili limekatika kabla ya kufika mwisho", na mara nyingi mtandao ulikatika wakati wa kupakua. Orodha ya yaliyomo kwenye ZIP hukaa mkiani mwa faili, kwa hiyo mkia ukikosekana programu nyingi hazijui hata kuna nini. Linganisha ukubwa kwa baiti na faili la mtumaji; ukitofautiana, pakua upya.

"CRC failed" ni "yaliyomo hayalingani na alama yake ya uhakiki". Kila faili linapofungashwa hukokotolewa namba moja kutokana na yaliyomo, na namba ikitoka tofauti wakati wa kutoa, kuna baiti zimeharibika, labda kwa flashi mbovu au kunakili kulikokatizwa. Kama furushi lina nenosiri, sababu ya kwanza kuikagua ni nenosiri lenyewe: herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na nafasi iliyonakiliwa mwishoni bila kuonekana inatosha kuharibu kila kitu.

"Cannot open file as archive" ni "hili si furushi". Lifungue kwa Notepad utazame herufi za mwanzo kabisa: ZIP huanza na PK, herufi za Phil Katz; RAR huanza na Rar! na 7z huanza na 7z. Ukikuta maandishi ya ukurasa wa wavuti yanayoanza na html, basi kilichopakuliwa ni ukurasa, pengine ule wa kukutaka uingie kwa akaunti, ukapewa jina la .zip. Na lalamiko la njia kuwa ndefu mno linatokana na Windows kuzoea kikomo cha herufi 260 kwa majina ya folda zote pamoja na faili. Litolee kwenye C:\T badala ya ndani ya folda ya saba.

Kuna neno moja zaidi litakalokutega: "Split to volumes". Hiyo volumes si juzuu, si ujazo, wala si sauti. Ni vipande. Barua pepe za Gmail zinakomea kiambatisho cha MB 25, na kiambatisho huvimba kwa takriban theluthi moja njiani, kwa hiyo mwelekeze karani aandike 15m kwenye kisanduku hicho. Atapata .001, .002 na kuendelea. Mpokeaji aviweke vyote kwenye folda moja na atoe kwa kubofya .001 pekee, kipande kimoja kikikosekana, vilivyobaki havitakamilisha kazi.

Kuhusu "corrupt", lile neno la Kiingereza linalotumika kwa faili lililoharibika na pia kwa mla rushwa, tafsiri ni moja tu: faili limeharibika. Kwenye mwongozo wa ofisi ya umma, "faili fisadi" litasomwa vingine kabisa.