Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Berlin

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mkataba wa miaka miwili umeshausaini. Umeniuliza uchukue chumba kipi: cha Neukölln, kilicho nafuu na karibu na kazini, ambacho mwenyewe hataki mtu ajiandikishe kwa anwani yake, au cha Spandau, kilicho ghali na mbali kidogo, ambacho mwenyewe yuko tayari kukuandikia hati. Chukua cha Spandau. Nami niliwahi kufanya kazi katika mji huo, kwa hiyo nikueleze sababu.

Ujerumani, kila anayehamia kwenye makazi mapya hutakiwa kujiandikisha katika muda wa wiki mbili kwenye ofisi iitwayo Bürgeramt, na tangu Novemba 2015 huandikishwi bila hati iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba wa upangaji peke yake hautoshi. Mengine mengi yanaanzia hapo. Namba yako ya kodi ya mapato hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyoiandikisha, na mwajiri akikaa bila namba hiyo anaweza kufika mahali pa kukukata kodi kwa daraja la 6, ambalo ndilo kali kuliko yote. Hata kibali chako cha ukaazi kitahitaji karatasi ya usajili. Kwa hiyo unafuu wa Neukölln utaulipia kwingine, tena kwa wasiwasi wa kila siku. Miadi ya Bürgeramt huombwa mtandaoni na huwa adimu, lakini ofisi yoyote katika wilaya 12 za Berlin inaweza kukuandikisha, basi usiing'ang'anie ya Spandau.

Siku ile ile utakayokabidhiwa ufunguo, bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua pale chini mlangoni. Sisi tumezoea sanduku la posta la ofisini. Huko tarishi huja hadi kwenye jengo, na kwa kuwa nyumba nyingi za ghorofa hazina namba za vyumba, husoma majina tu. Asipoliona lako, barua hurudi ilikotoka, hata ikiwa imebeba namba ya kodi au kadi ya bima. Andika kwa herufi kubwa, jina la ukoo lile lile lililo kwenye pasipoti.

Kuhusu amana, sheria hairuhusu izidi kodi ya pango ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za maji na joto, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Usitume hata senti kabla hujakiona chumba na kusaini mkataba, hata ukiambiwa kuna watu kumi wanakisubiri. Heri ulale wiki ya kwanza hosteli.

Umbali usikutishe: treni ya U7 inatoka Spandau hadi Neukölln bila kubadilisha. Kinachonipa mawazo zaidi ni giza, kwa sababu Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi alasiri, nawe hujawahi kuishi hivyo. Muulize mwenye chumba dirisha linatazama upande gani, na kama joto limo ndani ya kodi, kisha uniandikie atakavyokujibu.

Mama yako akupendaye