Toboa sinki kwanza, mmea utauchagua baadaye

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Usinunue hata ua moja kabla hujasoma hapa hadi mwisho.

Umeandika kwamba umepata sinki la choo la kukaa pamoja na tenki lake kutoka nyumba inayokarabatiwa Sakina, hapa Arusha, na unataka kulifanya chungu cha maua pembeni ya baraza. Fundi amekushauri uzibe njia ya kutokea maji kwa saruji, umwage kokoto inchi nne chini, ujaze udongo, kisha upande aloe vera, jeraniamu, lavenda na masale (dracaena). Ukauliza rangi zipi za maua zinaendana, nje upake rangi gani, na kifuniko ukifanyie nini. Hapo kwenye saruji na kokoto ndipo pesa yako itazama.

Sinki la choo halina tundu chini. Watu wanaona ile njia ya kupitisha uchafu, wanadhani maji ya kumwagilia yatatokea huko. Vaa glavu, ingiza mkono uipapase. Inaanzia karibu na sakafu ya shimo, inapanda, inavuka kizingiti, halafu ndipo inashuka kwenda kwenye bomba. Hiyo ndiyo trapu, imefinyangwa humo humo kwenye kauri, na kazi yake ni kubakiza maji ili harufu ya shimo la nje isirudi ndani. Maji yanayobaki humo hayaondoki kwa sababu umejaza udongo. Yanakaa palepale, sasa yakiwa ndani ya udongo.

Pima mwenyewe. Simamisha sinki mahali palipo sawa, mwaga maji hadi yaanze kuchuruzika nyuma, yaache yatulie, kisha chovya kijiti hadi sakafu ya shimo na usome alama ya maji. Kwa masinki mengi utapata sentimita 10 hadi 15. Kutoka sakafu hiyo hadi ukingo wa juu ni kama sentimita 25 hadi 30. Maana yake theluthi ya chungu chako, wakati mwingine nusu, ni kisima, na ni upande huo huo mizizi inakoelekea.

Sasa fundi anakuambia uzibe hata hicho kizingiti. Ukiziba, kisima kinapanda hadi ukingoni. Mdomo wa sinki una eneo la karibu sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, kwa hiyo siku ya mvua ya milimita 50 linapokea lita nne na nusu hivi. Ujazo wote wa sinki ni kama ndoo ya lita 10, na tayari umejaa udongo wenye unyevu. Ukiliweka pembeni ya baraza, maji ya paa yakiwa yanarushwa na upepo, masika ya Machi hadi Mei yatalijaza tena na tena. Na usiwaze kwamba utamwaga saruji hadi usawa wa kizingiti tu ili maji yavuke juu yake. Mdomo wa trapu uko chini ya kizingiti kwa sentimita 5 au zaidi, kwa hiyo saruji itakuwa imeuziba kabla haijafika juu.

Kokoto sasa. Hili naomba ulisome mara mbili, kwa sababu nami niliuziwa ushauri huo huo na nikaulipia kwa mimea. Wanakuambia maji yatashuka yakakae kwenye kokoto, mizizi ibaki pakavu. Hayashuki hivyo. Udongo laini una vitundu vidogo vinavyoshika maji kwa nguvu. Kokoto zina nafasi kubwa zisizo na nguvu hiyo. Maji yakifika kwenye mpaka wa hivyo viwili yanasimama, na hayavuki hadi udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka la tope ambalo lingekuwa chini kabisa umelipandisha inchi nne, ukalikabidhi kwa mizizi.

Jaribu jikoni. Lowesha sponji ya kuoshea vyombo hadi ishibe, ishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondosha. Sasa igeuze isimame kwa ubavu wake mrefu: maji yanamwagika tena. Sponji ni ile ile, kilichobadilika ni kimo chake. Udongo kwenye chungu ni hivyo hivyo. Ukiwa mrefu, sehemu kubwa ya juu inapata hewa. Ukiufupisha kwa kuujazia kokoto chini, sehemu iliyolowa inakaribia shina. Hata sinki lenye tundu halihitaji kokoto chini, na lisilo na tundu kokoto zinaliongezea ubaya tu.

Kinachoua mizizi ni kukosa hewa. Oksijeni inapenya ndani ya maji polepole mno, kama mara elfu kumi pungufu ya inavyopenya hewani. Mizizi ikidhoofika, vimelea vya kuoza, ambavyo mbegu zake huogelea majini, vinaingia. Utaona majani ya chini yana manjano na mmea umenywea saa saba mchana. Utadhani una kiu, utaongeza maji, na hapo umeumaliza. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili kabla ya kumwagilia. Kama udongo ni wa baridi na unashika kidole huku majani yamelegea, ng'oa mmea utazame. Bana mzizi kati ya kidole gumba na cha shahada, uvute. Mzizi mzima hukataa. Uliooza unachunika ngozi, unabaki uzi mwembamba mweupe, na ngozi ya kahawia inabaki vidoleni ikinuka mfereji. Aloe vera yenyewe huanza kwa kuwa laini na kama kioo pale jani linapokutana na shina, na ikifika hapo hairudi.

Wanaonikera ni hawa wa video fupi za mapambo ya bustani. Wanapiga picha siku ya kupanda, maua yakiwa bado yanaishi kwa mizizi ya kitaluni, na kila mtu anasifia. Hawarudi mwezi wa Juni, wakati Arusha ina mawingu siku nzima na udongo haukauki, wakuonyeshe sinki lile lile. Na mafundi wanaopokea pesa ya ushauri wa mimea wakati ujuzi wao ni mabomba, wanaharibu. Fundi bomba mzuri ningemwita anitobolee.

Kutoboa kauri si kazi ya kutisha, ila ina masharti. Osha sinki kwanza kwa maji ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe, liache nusu saa, suuza sana. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu. Tumia drili ya betri, usitumie ya waya, kwa sababu utakuwa na maji mikononi. Zima kabisa ile nyundo ya drili. Biti ya kutobolea zege ikipigwa kwa nyundo kwenye kauri inatoa ufa unaopanda hadi ukingoni, na sinki limekwisha. Omba dukani biti ya duara yenye chembe za almasi, ile wanayotobolea marumaru, ya milimita 20. Ukikosa, ile yenye ncha ya mkuki ya kioo na marumaru ya milimita 12, utoboe matundu matatu yaliyoachana walau sentimita 3.

Kalisha sinki wima juu ya gunia la mchanga ili lisitikisike. Tafuta pointi ya chini kabisa kwenye sakafu ya shimo, pale maji ya mwisho yanapobaki ukilikausha kwa kitambaa. Weka alama, kisha mwaga maji kina cha sentimita moja. Shimo lenyewe litayashika, na ndiyo yanayopoza biti na kuzuia vumbi. Anza ukiwa umeinamisha drili hadi biti ikate mwezi mwembamba kwenye kauri, ndipo uinyooshe taratibu. Bila huo mwanzo wa kuinamisha, biti ya duara itateleza na kukwangua kila mahali. Mwendo mdogo, mkono mwepesi, acha biti ikate yenyewe. Inua kila baada ya sekunde chache maji yaingie chini yake. Kauri hapo ina unene wa karibu sentimita moja, kwa hiyo ni kazi ya dakika kadhaa za subira. Ukikaribia kutokea upande wa pili punguza hata huo mkono mwepesi, maana hapo ndipo vipande vikubwa hubanduka. Vaa miwani ya kazi.

Baada ya hapo mwaga ndoo nzima. Maji yakiisha yote bila kidimbwi kubaki, umemaliza. Funika tundu kwa kipande cha wavu wa dirishani, udongo usitoke, na unyanyue sinki juu ya vipande viwili vya tofali ili tundu lisikalie sakafu. Ile njia ya nyuma ya trapu izibe kwa wavu huo huo, mbu wasipate pa kutagia.

Tenki nalo usilidharau. Lina tundu kubwa la kuflashi na matundu ya bolti, yote chini. Hilo tayari ni chungu kizuri bila drili. Lavenda yako iweke humo, juani, au bora uchukue rozimari, ambayo inavumilia unyevu wa masika kuliko lavenda. Kwa Moshi, ambako ni chini na joto zaidi, lavenda ningeiacha kabisa.

Udongo wa bustani peke yake utashindiliwa kama tofali. Changanya ndoo mbili za udongo, ndoo mbili za moramu nyepesi yenye vitundu, ile ya volkano, iliyochekechwa ukaacha punje za milimita 3 hadi 8, na ndoo moja ya samadi iliyooza hadi haina harufu. Nasema changanya. Moramu ile ile ukiiweka tabaka chini, umerudi kwenye kokoto za fundi. Ukiwa Moshi, pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi zinaweza kuchukua nafasi ya nusu ya moramu. Kwenye mchanganyiko huo, ndani ya sinki lililotobolewa, aloe vera na jeraniamu zitakaa vizuri: aloe moja katikati, jeraniamu mbili ukingoni, basi. Lita 10 hazilishi zaidi ya hapo.

Kama huwezi kupata drili, badilisha mimea badala ya kudanganya maji. Acha njia ya trapu wazi, jaza udongo hadi juu pasibaki maji ya wazi, kisha panda vitu vinavyoishi kandokando ya mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba: magimbi, kala nyeupe, au mafunjo madogo ya mapambo. Hivyo vinapenda miguu kwenye tope. Gimbi moja linatosha sinki zima, na utomvu wake unawasha, kwa hiyo watoto wasiyachezee majani. Njia nyingine ni kuweka ndani ya sinki chungu cha plastiki chenye matundu, kikalie tofali lililo juu ya usawa wa kizingiti ulioupima. Hapo sinki ni vazi tu, na utalazimika kumwaga maji ya chini kila wiki kwa sababu ya mbu.

Kuhusu masale, yatoe kwenye orodha. Kwanza yanakua makubwa na mizizi yake itajaza sinki haraka. Pili, maji ya visima vingi upande huu wa Mlima Meru yana floraidi, ile inayogeuza meno kuwa ya kahawia, na jamii ya masale inaumizwa nayo: ncha za majani zinaungua kahawia hata kama umemwagilia vizuri. Ukitaka kuyapanda popote, kinga maji ya mvua. Na tatu, nalisema kwa heshima, isale kwa Wachaga ni la mpaka na la kuombana msamaha. Mzee akija kwako akalikuta limepandwa kwenye sinki la choo, hutakuwa na cha kumweleza.

Leo jioni pima kile kina cha maji kwa kijiti, piga picha ya sakafu ya shimo ikiwa kavu, na nyingine ya chini ya sinki likiwa limelazwa, uziweke hapa. Nikiona mteremko ulivyo nitakuchorea pa kutoboa. Saruji mrudishie fundi.