Nilisema "sitaki urithi wa baba", je fungu langu limeshanitoka?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba alifariki mwaka jana Tanga, kaacha mama, kaka zangu wawili na sisi dada watatu. Ipo nyumba moja yenye fremu mbili za duka mbele, imetathminiwa milioni 80. Siku ya arobaini palizuka maneno, wifi akasema nyie mmeolewa mnatafuta nini tena, mi kwa hasira nikajibu sitaki chochote chukueni. Sasa kaka mkubwa kaleta karatasi nisaini kwamba nimejitoa kwenye mirathi. Moyoni sina raha ila naogopa kula neno langu. Haki yangu ishatoka?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah dada angu, Allah amrehemu mzee. Haijatoka. Naanza na hilo maana nahisi ndo linalokunyima usingizi.

Urithi sio sahani ya pilau ya jirani kwamba ukiletewa unaweza kusema ahsante nimeshiba. Pale roho ya mzee ilipotoka fungu lako liliingia kwenye milki yako hapohapo, utake usitake, hata kama ulikuwa Dar umelala na hakuna aliyekupigia simu, ndo maana mafakihi, wanazuoni wa sheria, wanaita milki ya lazima. Suratun Nisaa aya ya 7 imewatajia wanawake fungu lao katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, na ikamalizia kwamba ni fungu lililofaradhishwa. Kwa hiyo kukataa urithi kama kukataa hakupo, kilichopo ni kumpa mtu kitu ambacho tayari ni chako, na kutoa kuna masharti yake.

Kuna wanaochanganya na sheria za wengine. Ujerumani kwa mfano mrithi anapewa wiki 6 kukataa, akikataa anahesabiwa kama hakuwepo na fungu linaruka kwa anayefuata, na wengi kule hukataa kwa kukimbia madeni ya marehemu. Sisi deni linalipwa kwenye mali ya marehemu kabla hamjagawana, aya ya 11 ya sura hiyohiyo iko wazi, likizidi mali we hudaiwi mfukoni kwako labda upende mwenyewe kumsaidia mzazi wako.

Tuje kwenye neno lako la arobaini. Kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, kusamehe kunafanya kazi kwenye deni, fulani nakudai laki mbili nikasema nimekusamehe, yameisha. Lakini kitu chenyewe kilichosimama, nyumba, shamba, ng'ombe, hakitoki kwa "nimesamehe" wala "sitaki", kinatoka kwa kuuzwa au kwa hiba, yaani kumpa mtu bure, na hiba inataka ujue unatoa kiasi gani, unampa nani, yeye akubali na akabidhiwe kwa idhini yako. We ulisema chukueni. Nani achukue? Mama alikuwa hapohapo mkekani, dada zako pia, mbona karatasi imeandikwa na kaka peke yake? Hasira peke yake haibatilishi kauli, ila hapa hata ungesema ukiwa unacheka bado hiba haijatimia, hivyo hujala neno lolote.

Sasa ujue kiasi. Mama ana thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, zinazobaki sehemu 7 mnagawana watoto, wa kiume mbili mbili, wa kike moja moja, zinaisha sawasawa. Yaani mama milioni 10, kila dada milioni 10, kila kaka milioni 20. Milioni 10 dada angu. Ukiijua hiyo halafu ukampa kaka, au mama, au mdogo wako asiye na kazi, ukiwa na akili timamu na nafsi imeridhika, ni sadaka nzuri tena kwa ndugu wa damu. Ila ukisaini kwa kumuonea haya kaka au kukwepa mdomo wa wifi, mchukuaji ndo yuko kwenye hatari, Mtume (s.a.w.) amesema si halali mali ya Muislamu ila kwa radhi ya nafsi yake.

Ipo pia njia ya kati wengi hawaijui, takharuj, kutoka kwenye mirathi kwa malipo. Tumadhir mjane wa sahaba Abdurrahman bin Auf, mmoja wa wajane wanne, fungu lake robo ya thumni, alikubali kutoka kwa makubaliano ya elfu themanini na kitu. Kaka kama anaitaka nyumba nzima akununue, hata kwa mafungu, mkiandikiana mbele ya mashahidi na msimamizi wa mirathi ajue.

Hiyo karatasi usiisaini ilivyo. "Nimejitoa" haisemi chochote. Kama unatoa, iandikwe nampa fulani bin fulani sehemu yangu moja kati ya nane ya nyumba ya mahali fulani, na mpokeaji asaini kwamba kapokea.

Halafu hujaniuliza kodi ya fremu. Tangu mzee kafariki kila mwezi kodi ilipoingia moja ya nane ilikuwa yako, haijalishi imekusanywa na nani. Hiyo kama kaka keshaila ni deni, na hapo ndo neno "nimekusamehe" linapofanya kazi, lakini alete kwanza daftari la wapangaji muhesabu, maana kusamehe usichokijua kiasi nako hakupiti.

Wallahu aalam.