Mzee Capulet hakujua. Kosa lake ni nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa mabinti watatu. Mwezi uliopita shule anayosoma binti yangu wa pili iliigiza Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, naye akapewa sehemu ya yaya. Nikaenda kutazama. Kwa wasioijua: Romeo na Juliet ni watoto wa koo mbili zenye uhasama wa siku nyingi katika mji wa Verona, Italia. Wanafunga ndoa kwa siri. Baba yake Juliet, mzee Capulet, anamlazimisha binti aolewe na bwana mwingine aitwaye Paris, na mwisho wa yote vijana hao wawili wanakufa kaburini. Ukumbi mzima ulimzomea mzee Capulet. Mimi sikuzomea. Huyo Paris ni kijana, ana mali, ana adabu, ni jamaa wa Mtawala wa mji, tena alikwenda kuposa kwa baba kama inavyotakiwa. Na mzee hakujua kwamba binti amekwisha kuolewa. Asiyejua ana hatia gani? Tumebishana na binti yangu njia nzima ya kurudi nyumbani. Tuamulie.
Mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza nikupe haki yako. Ni kweli hakujua. Ni kweli pia kwamba Paris si mtu mbaya. Shakespeare angeweza kumletea Juliet mchumba mzee, mlevi au katili, na kila mtazamaji angejua mapema aegemee wapi. Hakutaka.

Tena mwanzoni mzee huyu ni baba wa kupigiwa mfano. Paris anapoleta posa, anaambiwa mtoto hajatimiza miaka 14, na asubiri miaka miwili zaidi. Paris anasema wapo wadogo kuliko yeye ambao tayari ni mama na wana furaha. Mzee anamjibu kwamba wanaoanza mapema hivyo huharibika mapema. Watoto wake wengine wote amewazika, na huyu ndiye aliyebaki. Kisha anatamka maneno ambayo wanafunzi wangu nilikuwa nawataka wayaweke moyoni. Nayatoa kwa Kiswahili changu: mbembeleze, Paris, uupate moyo wake, ridhaa yangu ni sehemu tu ya ridhaa yake. Hiyo ni Jumapili.

Sasa njoo Jumatatu usiku, tendo la 3, onyesho la 4. Ni onyesho fupi sana na waigizaji wengi hulipitia mbio, kumbe kesi yako yote iko hapo. Mchana ule Tybalt, mtoto wa kaka yake mama Juliet, ameuawa na Romeo. Nyumba ina msiba. Paris anaaga ili aondoke. Ghafla mzee anamwahidi binti. Anasema anadhani mtoto atamtii kwa kila jambo, kisha anajisahihisha: bali sina shaka. Anauliza leo siku gani. Jumatatu. Basi Jumatano ni karibu mno, iwe Alhamisi. Wanakadiria wageni, wasizidi nusu dazeni kwa sababu ya msiba, watu wasije wakasema marehemu hakupendwa. Mkewe anaagizwa ampitie binti kabla ya kulala, amweleze na kumtayarisha kwa siku hiyo.

Wakati huo binti yuko chumbani mwake, nyumba ileile, na mumewe wa siri yuko naye. Ndugu yangu, katika mazungumzo hayo yote hakuna hata mmoja anayesema, hebu tumwulize kwanza. Mzee mwenyewe ndiye aliyeliweka sharti hilo jana yake.

Utaniuliza nini kimembadilisha. Hatamki sababu moja kwa moja, lakini mimi naona mambo mawili. Moja ni msiba wenyewe, maana mtu aliyefiwa hutaka furaha iingie nyumbani haraka. La pili ni Mtawala. Tybalt kabla ya kuuawa alikuwa amemuua Mercutio, jamaa wa Mtawala, na Mtawala ameapa kuzitoza koo zote mbili faini nzito. Paris naye ni jamaa wa Mtawala. Ndoa hii ingeishona upya heshima ya nyumba ya Capulet palipochanika. Sisemi mzee alikaa akapiga hesabu kwa ubaya. Nasema binti alikuwa sehemu ya hesabu, na sehemu ya hesabu haiulizwi.

Jumanne alfajiri mama anapeleka habari. Juliet anakataa, na sababu anayoitoa naomba uitazame vizuri, kwa kuwa haigusi siri yake hata kidogo. Anasema haraka hii inanishangaza, inakuwaje niolewe kabla anayetaka kunioa hajaja kunibembeleza? Ni sharti la baba yake la Jumapili, karibu neno kwa neno, na yeye hata hakuwapo lilipotamkwa! Mama anamwambia, baba yako huyo anakuja, mwambie mwenyewe.

Baba anaingia na swali: je, hashukuru? Akishasikia kwamba binti hataki, anamwambia ajiweke tayari kwa Alhamisi, la sivyo ataburutwa mpaka kanisani. Anamtukana hadi mkewe anamwuliza kama amerukwa na akili. Ndipo Juliet anapopiga magoti na kumwomba baba yake amsikilize kwa subira aseme neno moja tu. Moja. Jibu analopata ni kwamba asiseme, asijibu, na kwamba vidole vya baba vinawasha kwa hamu ya kumpiga.

Hilo ndilo jibu langu kwako. Umesema hakujua, nami nakwambia aliyekuwa na habari alikuwa amepiga magoti mbele yake akiomba nafasi ya kusema. Neno lile lingekuwa nini hatutajua kamwe. Huenda lingekuwa siri yenyewe, huenda lingekuwa ombi la kuahirisha tu. Kutojua kwa mtu aliyefungwa macho namsamehe. Kutojua kwa mtu aliyemziba mdomo mwenye habari siwezi kukuhesabia kuwa ni utetezi.

Mzee anatoka akisema kama u wangu nitakupa rafiki yangu, na kama si wangu, jinyonge, omba, ufe njaa, ufie njiani. Juliet anamgeukia mama yake na kuomba mwezi mmoja, au hata wiki moja. Mama anamjibu kwamba amemalizana naye, afanye atakavyo. Anabaki yaya, sehemu aliyoicheza binti yako. Yaya ndiye aliyemnyonyesha, ndiye aliyepeleka habari kwa Romeo, anajua kila kitu. Na dakika chache kabla alithubutu kumwambia bwana mwenye nyumba kwamba anakosea kumkaripia mtoto hivyo, akaambiwa anyamaze. Huyu sasa anamshauri Juliet aolewe na Paris, maana Romeo ukimlinganisha naye ni tambara la kufutia vyombo. Nilipokuwa nafundisha, darasa lilikuwa likipiga kelele wakati baba anafoka, na likinyamaza kabisa hapa. Mwulize binti yako alijisikiaje kuyatamka maneno yale, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyatamka, mimi na wewe tuliyasikia tu. Toka hapo Juliet hamwambii mtu yeyote wa nyumba ile neno la kweli.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulisahau wanapoilaumu ile barua isiyofika, iliyokuwa imweleze Romeo kwamba Juliet amelala tu, hajafa. Juliet anakwenda kwa Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa ile ya siri, anapewa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, na mpango ni ainywe Jumatano usiku. Anarudi nyumbani Jumanne, anapiga magoti tena, anaomba radhi, anasema atatii. Mzee anafurahi mno. Katika furaha hiyo anairudisha harusi nyuma, sasa iwe Jumatano, kesho! Mkewe anamwambia vyakula havitatosha, yeye anasema atakesha na kuyashughulikia mwenyewe. Dawa ikanyweka usiku uleule, na barua ya kwenda kwa Romeo kule Mantua, mji alikokimbilia baada ya kufukuzwa Verona kwa kumuua Tybalt, ikapungukiwa na siku nzima. Mchukuzi wake alizuiliwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa tauni, hilo si kosa la Capulet. Lakini siku iliyopotea aliipoteza yeye, na aliipoteza binti alipokuwa amekwisha kumtii. Hata katika utii hakuulizwa tarehe.

Kwa hiyo namwunga mkono binti yako, ingawa kuzomea sikupendi. Kumtafutia mtoto mchumba mwema si uovu. Kama umesoma Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, utamkumbuka Portia, ambaye marehemu baba yake alimpangia mume kwa visanduku vitatu: mchumba atakayechagua kilicho sahihi ndiye amwoe. Huko mambo yaliishia vizuri kwa sababu kisanduku kilifunguliwa na yule yule aliyempenda. Shakespeare alilirudia jambo hili mara nyingi, na kila mara binti ndiye anayebeba hatari yote.

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba kisa cha Juliet si cha Shakespeare. Je, hiyo miaka 13 ni yake au aliikuta?
Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Kisa alikikuta, umri aliubadilisha. Kilitoka Italia, naye alitegemea zaidi shairi refu la Kiingereza la Arthur Brooke la mwaka 1562. Humo Juliet anakaribia miaka 16. Shakespeare, akiandika mnamo 1595, akampunguza hadi 13, na yaya anataja siku yenyewe ya kutimiza 14: usiku wa kuamkia Agosti 1. Anaikumbuka kwa sababu alikuwa na mtoto wake wa rika hilo, Susan, aliyefariki.

Usidhani watazamaji wa London waliuona umri huo kuwa wa kawaida. Sheria ya kanisa iliruhusu msichana aolewe kuanzia miaka 12, lakini wanawake wengi Uingereza waliolewa wakiwa na miaka ishirini na kitu. Mke wa Shakespeare mwenyewe, Anne Hathaway, alikuwa na miaka 26 walipooana mwaka 1582. Binti yao wa kwanza, Susanna, alizaliwa 1583, kwa hiyo Susanna alikuwa na miaka kama 12 baba yake alipokuwa anaandika tamthilia hii. Soma tendo la 1, onyesho la 3, uangalie nani anamhimiza mtoto afikirie ndoa: ni mama yake, anayesema kwamba katika umri huo yeye alikuwa amekwisha kumzaa.