Mbona Nyuso Zinatoka Rangi ya Chungwa? Maswali Yenu Kuhusu Mizani ya Weupe Ndani ya Nyumba

Maswali mengi mliyoniletea safari hii yanahusu jambo moja: rangi za picha zinazopigwa ndani, chini ya taa, na mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoiambia kamera kipi kihesabiwe cheupe chini ya mwanga uliopo. Nimefurahi, kwa sababu ni jambo linaloharibu picha nyingi nzuri na kulirekebisha hakuchukui hata dakika mbili.

Mwalimu, sebule yangu ina balbu ya waya, ile yenye waya unaowaka ndani. Mimi naona kuta nyeupe, kamera inaona chungwa, na nimeiacha kwenye otomatiki. Kosa liko wapi?

Hujakosea, na kamera yako ni nzima. Ukiingia chumba chenye mwanga wa njano, ubongo wako huuzoea upesi, na shuka jeupe huendelea kuonekana jeupe. Kamera haina mazoea hayo. Inapokea mwanga kama ulivyokuja.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa una karibu 1,900, balbu ya waya ya nyumbani 2,700 hadi 2,900, jua la mchana huhesabiwa 5,500, na kivulini chini ya anga safi hufika 7,000 au zaidi. Namba ndogo ni mwanga wenye wekundu, namba kubwa ni mwanga wenye ubuluu. Hapa wengi huchanganyikiwa, maana tumezoea kuuita wekundu rangi ya joto. Kumbuka chuma kwenye tanuri la mhunzi: huanza kuwa chekundu, na moto ukizidi ndipo kinapoelekea kuwa cheupe.

Otomatiki hukisia tu kwa kutazama yaliyomo kwenye fremu. Katika kamera nyingi ukisiaji huo ni mzuri kati ya kelvini 3,000 na 7,000 hivi, na balbu yako iko chini ya hapo. Isitoshe, nguo moja nyekundu iliyojaza fremu yaweza kuipoteza kabisa. Kamera za karibuni zina otomatiki ya namna mbili, moja inayobakiza unjano wa balbu na nyingine inayotanguliza weupe. Anza na hiyo ya pili. Isiposaidia, soma jibu linalofuata.

Nieleze taratibu namna ya kuipangia kamera weupe mwenyewe. Kitabu chake kimenishinda.

Wazo lenyewe ni jepesi. Unaionyesha kamera kitu unachojua ni cheupe au cha kijivu, chini ya mwanga uleule utakaopigia picha, kisha unaiambia kwamba hiki ndicho kisicho na rangi. Mengine yote ni vitufe.

Washa taa utakazozitumia na uzime usizozihitaji. Kisha weka kadi, yaani karatasi ngumu nyeupe au ya kijivu, mahali pale atakapokaa mtu wako, ikielekea kamera. Naomba nisisitize hapa, kwa sababu ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine: mpigapicha anasimama mlangoni, anashika kadi mbele ya lenzi, anapima mwanga wa mlangoni, halafu anampiga picha mtu aliyekaa chini ya taa nyingine mita nne mbele. Mwanga unaotakiwa kupimwa ni ule unaoangukia uso.

Sogea mpaka kadi ijaze sehemu ya katikati ya fremu, na uangalie kivuli chako kisiilalie. Weka fokasi ya mkono, kwa kuwa ile ya otomatiki haipati cha kukamata kwenye kitu kisicho na mistari. Kadi ikitoka na ukungu, hakuna neno. Mwangaza ndio wa kuangaliwa: kadi nyeupe ikitoka ya kijivu ni sawa, lakini ikiungua hadi kupoteza kila kitu, au ikiwa giza mno, kipimo hakitakuwa sahihi.

Kwenye Canon unapiga kwanza picha ya kadi, unaingia kwenye menyu ya kujipangia mizani ya weupe, unachagua picha hiyo, unakubali. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Bado. Rudi kwenye orodha ya mizani ya weupe uchague alama yenye pembetatu mbili na kimraba, la sivyo kamera itaendelea na mpangilio wa zamani. Kwenye Nikon zenye kitufe cha WB (mizani ya weupe) unachagua PRE, unashikilia kitufe hicho mpaka neno PRE lianze kumetameta, halafu unaielekeza kamera kwenye kadi na kubonyeza kitufe cha kupigia picha. Ikiandika Gd, imekubali. Ikiandika no Gd, badili mwangaza urudie. Sony na Fujifilm hukupeleka kwenye menyu ya kujipangia, unaijaza kadi kwenye alama iliyo katikati ya kioo, unabonyeza.

Ukimaliza, piga picha moja ya mtu akiwa ameishika kadi. Itakuonyesha papo hapo kama umefanikiwa, na itakufaa sana ukija kuhariri.

Karatasi ya printa inatosha, au lazima ninunue kadi ya kijivu?

Inatosha kwa dharura. Ila ujue kwamba karatasi nyingi hutiwa kemikali ya kuzing'arisha, inayochukua miale ya urujuanimno isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Ukiipima karibu na dirisha, kamera hudhani ubuluu huo unatoka kwenye mwanga wenyewe, hivyo huongeza unjano kuufuta, na picha nzima hutoka njano. Chini ya balbu ya waya, ambayo ina miale hiyo kidogo sana, tatizo hupungua. Shati jeupe lina kasoro hiyohiyo, kwani sabuni nyingi za kufulia zina kemikali za aina hiyo. Ukuta ndio usiutumie kabisa: rangi nyingi tunazoziita nyeupe zimechanganywa na manjano au kijivu chenye ubuluu. Ukiweza, tafuta kadi iliyotengenezwa makusudi kwa mizani ya weupe.

Ofisini kwetu kuna taa za tyubu. Nimepima vizuri, lakini picha moja inatoka kijani, inayofuata njano. Kamera imeharibika?

Haijaharibika. Punguza kasi ya shata, yaani pazia la kamera likae wazi muda mrefu zaidi, kisha upime upya.

Umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) huzifanya taa hizo zipande na kushuka mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Jicho halioni. Lakini kinachobadilika katika kila mpando na mshuko si mwangaza peke yake. Rangi nayo hugeuka. Ukipiga kwa 1/500 ya sekunde unanasa kipande kidogo tu cha mzunguko, mara cha kijani, mara cha njano, na kadi yako nayo ilipimwa kwenye kipande kimojawapo. Mahali penye hezi 50 tumia 1/100 au 1/50. Penye hezi 60 tumia 1/125 au 1/60. Kasi hiyo itumike kwenye kadi na kwenye picha pia. Taa za LED za bei ya chini nazo nyingine hupepesa hivyohivyo. Jambo jingine: taa za tyubu zikiwashwa huchukua dakika chache kutulia, kwa hiyo usipime mara tu unapogusa swichi.

Mwalimu, dirisha liko kushoto, balbu iko kulia. Nipime upi?

Zima balbu. Nimejaribu njia nyingi na hii bado ndiyo ninayoipenda. Mizani ya weupe ni moja kwa picha nzima, haiwezi kuridhisha mwanga wa 5,500 na wa 2,800 kwa pamoja. Ukipima dirisha, upande wa balbu utakuwa chungwa. Ukipima balbu, upande wa dirisha utakuwa buluu. Ikiwa huwezi kuzima, funga pazia. Ikiwa huwezi lolote kati ya hayo, mgeuze mtu wako uso wake upate mwanga mmoja, upime huo, na mwingine uachie ukuta wa nyuma. Anayetumia flashi aivalishe plastiki laini inayopitisha mwanga, ya rangi ya chungwa, ili ifanane na balbu, kisha apime mwanga huo uliolingana.

Nimeandika kelvini 3,200 kwa mkono kama nilivyofundishwa, lakini nyuso bado zina ukijani. Kwa nini?

Kwa sababu kelvini zinasema habari ya mstari mmoja tu, wa kutoka buluu hadi chungwa. Upo mstari mwingine, wa kijani na majenta (waridi lenye uzambarau), na taa za tyubu na za LED huteleza huko mara kwa mara. Kupima kwa kadi hurekebisha mistari yote miwili kwa mpigo, na hiyo ndiyo sababu ninaipenda kadi kuliko namba. Unaweza pia kuongeza majenta kidogo kwenye kipengele cha kusogeza mizani.

Lakini ikiwa baada ya kadi ngozi bado inaonekana imekufa, shaka ni taa yenyewe. Baadhi ya LED hazitoi wekundu wa kutosha, na mizani haiwezi kuongeza rangi ambayo haikuwemo kwenye mwanga. Hapo dawa ni kubadili taa. Nalisema hili kwa uzito kwa ajili ya ngozi nyeusi na za maji ya kunde hasa: uzuri wake uko kwenye wekundu na udhahabu ulio chini ya weusi, na taa maskini huugeuza kuwa kijivu. Mtu akijitazama pichani asijitambue, tumemkosea.

Napiga faili ghafi za RAW. Kuna haja ya yote haya?

Haja ipo, ila ni ndogo. Kwenye RAW mizani ni maelezo tu yaliyoambatanishwa, unaibadili baadaye bila hasara, wakati JPEG, faili ya kawaida ya picha, imekwisha kupikwa na kamera. Mimi hupiga RAW na bado napima, kwa sababu histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) na picha ninayoiona nyuma ya kamera hufuata mizani niliyoweka. Chini ya balbu ya waya chaneli ya buluu, yaani sehemu ya picha inayobeba rangi hiyo, hupata mwanga kidogo, na ukiinyanyua huja na chenga. Afadhali ulijue hilo ungali chumbani, uongeze mwangaza.

Mtoto wangu anapuliza mishumaa ya keki. Nipime kwa kadi?

Usipime. Weka kelvini 3,000 hivi, uache udhahabu wa mishumaa ubaki usoni mwake.

Jana nilipima ndani, leo nimetoka nje na kila kitu ni buluu!

Kamera bado inafuata kipimo cha jana, hata kama uliizima. Irudishe kwenye otomatiki au alama ya jua. Kama ulipiga RAW, picha za leo zinaokoleka zote: chagua mojawapo kwenye programu yako ya kuhariri, weka 5,500, kisha nakili mpangilio huo kwa zilizobaki.